Neno la Sabini na Tatu

Mabawa, Tanga
Jumanne, 20 Machi 2001

Daftari hili ameniletea Ummehani Dharsi kutoka dukani kwao, duka la karatasi na vifaa vya ofisi, mlango wa pili kutoka chumba cha kompyuta cha marehemu mume wangu. Amesema mtu akikaa ndani miezi minne na siku kumi bila kazi ya mikono atagombana hata na mto wake. Ananijua, tumesoma wote.

Nabhan alifariki Jumapili ya tarehe 11. Moyo. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Leo sitaandika zaidi ya hapo juu ya jambo hilo.

Nimekaa eda. Sitoki, sipaki wanja, sijifukizi udi, na mwanamume anayeweza kunioa hanioni. Mama mkwe wangu, Bi Muzna, amekuja kutoka Pangani kukaa nami, na amri hizo hazikumtosha, akaongeza yake. Redio, televisheni na spika za kompyuta ya nyumbani vimeingia kabatini, na ufunguo ameufunga kwenye pindo la kanga.

"Nyumba hii ina msiba," alisema. "Kitu cha umeme kisitoe sauti humu mpaka utoke eda. Niahidi."

Nikamwahidi. Sikuona tabu. Sikutaka kusikia kitu chochote.

Ijumaa, 23 Machi

Joto. Wageni kumi na wanne, na wote wameniambia nimekonda.

Jumatano, 28 Machi

Leo nimegombana na pazia.

Aliyekuwa nyuma ya pazia ni shemeji yangu Yaarub, mdogo wake Nabhan. Hawezi kuniona, kwa hiyo tunazungumza yeye akiwa barazani na mimi chumbani, kitambaa cha maua kikining'inia katikati. Alileta barua iliyofika posta kutoka chuo kimoja cha Uholanzi kinachofundisha Kiswahili. Mwaka jana walimpa Nabhan kazi ya kuwatengenezea kurasa za tovuti. Mwanafunzi afungue ukurasa, aone picha ya nyumba ya Tanga, ukumbi, jiko, chumba, uani. Akibonyeza kitu kwa kipanya, asikie jina lake likitamkwa na mtu wa hapa. Vitu mia na sitini.

Picha Nabhan alishapiga, humu humu ndani. Sauti alisharekodi Februari, yeye mwenyewe. Kilichobaki ni kukata neno moja moja, kuyapunguza uzito yapite kwenye simu, na kuyafunga kila moja kwenye picha yake. Barua inasema mwisho ni tarehe 10 Julai. Ikipita hapo, watampa mtu mwingine arekodi upya.

Yaarub ameshampata huyo mtu. Ni fundi wa Dar es Salaam anaitwa Zubeiri, atachukua vyombo vyote vya dukani kwa Nabhan, atachukua na kazi. Maneno atayasoma mwenyewe.

"Na sauti ya kaka yako unaitupa wapi?" nikamuuliza.

Kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma, kwamba kazi ya sauti haifanywi na mtu ambaye haruhusiwi kuwasha sauti. Nikamwambia anipe mpaka tarehe 10 Julai. Akakubali, lakini nikishindwa, Zubeiri achukue kazi na duka lifungwe moja kwa moja. Ufunguo wa duka uko kwake tangu siku ya maziko na hajalifungua hata mara moja.

Bi Muzna alikuwa anachambua mchele.

Jumamosi, 31 Machi

Nimewasha mashine. Nimekaa kwenye kiti chake na nimelia kwanza, tuliandike hilo liishe.

Sasa kazi. Nabhan alisoma orodha yote kwa mfululizo, kwa hiyo ninazo faili tisa kubwa za WAV, yaani sauti ghafi isiyokamuliwa. Ni nzito ajabu, ukitaka kuzitoa nyumbani kwa diski utahitaji diski zaidi ya sabini, na hakuna wa kubeba wala wa kupokea. Lakini programu yake ya kukatia sauti inakuonyesha sauti kwa macho. Mstari unalala katikati ya kioo. Mtu akinyamaza umenyooka, akisema unavimba juu na chini. Nimeziba mdomo wa mashine na nimefungua macho yangu.

Watu wanasahau kuwa mimi ni hazili. Miaka kumi na moja nimepiga chapa na kuchukua imla kwenye ofisi ya shirika la mkonge, mpaka lilipouzwa mwaka 1997 tukapunguzwa ofisi nzima siku moja. Hati mkato ndiyo kazi niliyosomea. Sauti kuwa mkwaruzo kwenye karatasi si ajabu kwangu.

Neno la kwanza kwenye orodha yake ni "mlango". Nimelitazama nusu saa.

Jumatatu, 2 Aprili

Mvua ya kwanza. Bi Muzna ameweka ndoo nne uani.

Jumamosi, 7 Aprili

Nimeanza kuyajua. Herufi S ni manyoya, imesimama nywele kama mgongo wa paka aliyekasirika. K na T na P hujificha kwanza, mstari unalala kidogo kabisa, halafu zinachomoka. A hunenepa kuliko zote. Neno "sahani" ni manyoya, mnofu, pumzi, mnofu, kisha mkia mwembamba. Nikilitazama sasa silisomi tena, nalijua tu, kama ninavyojua mtu wa mtaani kwa mwendo wake.

Kila neno nalichora kwenye daftari jingine kwa hati yangu mwenyewe. Nimefika thelathini na moja.

Bi Muzna amepita nyuma yangu mara tatu akijifanya anatafuta kibao chake cha kukalia, nacho alikuwa amekishika mkononi.

Jumatano, 11 Aprili

Umeme hakuna tangu asubuhi. Nimefuma.

Ijumaa, 20 Aprili

Hitma ya arobaini. Nyumba imejaa na sufuria za jirani zote zimekuja. Yaarub alisimamia wanaume huko nje na hakula kitu, nimeambiwa na waliomwona. Mwanamke mmoja, jina lake namwachia Mungu, alinong'ona kwa sauti ya kutosha kwamba mjane wa siku arobaini anacheza kompyuta.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Bi Muzna akanitangulia.

"Hachezi," alisema, bila kuinua macho kwenye tasbihi yake. "Anafanya kazi ya mwanangu."

Sikutegemea. Nimemfikiria mama huyu vibaya kwa wiki sita.

Alhamisi, 26 Aprili

Kwenye maneno ya jikoni kuna uchafu. Kuanzia namba 58 mstari haulali kabisa hata pale anaponyamaza. Chini yake kuna meno madogo madogo, yamepangwa sawasawa kama ya msumeno, yanakatika kidogo, yanaanza tena. Nimejaribu kuyafuta. Programu inayo njia ya kufuta, lakini kila nikifuta meno, neno nalo linakatika mkia. Nabhan angejua la kufanya. Nimeyaacha.

Jioni hii nilimkasirikia kwa mara ya kwanza tangu afe. Mtu unarekodi sauti ya kupeleka ng'ambo, huangalii kwanza kama kuna kelele?

Alhamisi, 3 Mei

Masika kweli kweli. Barabara ya mbele imekuwa mto, na vyura wanaisoma usiku kucha. Simu ya dukani kwa kina Dharsi inakwaruza, Ummehani anasema ukinyanyua kipokeo ni kama mtu anakaanga samaki ndani yake. Modemu yao ya kuingilia mtandaoni inashika dakika tano inaachia.

Maneno yote mia na sitini yamekatwa. Sasa nayapunguza uzito. Neno moja katika WAV linakula nafasi ya maneno ishirini katika MP3. Nilipomaliza nilihesabu uzito wa yote, nikahesabu tena, nikadhani nimekosea. Yanaingia kwenye diski moja.

Nimeitoa nikaishika. Sauti yote ya Nabhan, na kifuniko cha diski kikapiga kelele yake ya kawaida. Bi Muzna akauliza ni nini hicho, nikamwambia. Akanyoosha mkono, akaifuta kwa kanga yake pande zote mbili, akanirudishia.

Jumanne, 8 Mei

Picha. Nazo zina uzito wake. Picha ya mtu au ya mti iwe JPEG, michoro na vitu vya rangi chache iwe GIF. Nimezikamua mpaka jiko zima ni jepesi kuliko barua ndefu. Juu ya kila kitu nimechora mpaka usioonekana, kipanya kikiingia ndani ya mpaka huo kitu kinang'aa, ukibonyeza kinasema. Mimi sijui kama kinasema. Kinang'aa, hilo nimeliona.

Mbuzi ya kukunia nazi imo kwenye picha ya jiko, pale pembeni, lakini haimo kwenye orodha. Ameisahau. Mtu aliyekula wali wa nazi kila siku ya maisha yake.

Jumamosi, 19 Mei

Siku ndefu. Niandike yote.

Wiki iliyopita Ummehani alipeleka diski zangu kwenye tovuti, kidogo kidogo kila mvua ikipunguza. Yaarub naye alimtaka Zubeiri aonyeshe mfano wake. Leo asubuhi alikwenda dukani kwa kina Dharsi, akaingilia mlango wa uchochoroni, sijui kwa nini, aone zote mbili kwa macho yake. Mashine za pale ni za barua tu, hazina kadi ya sauti, kwa hiyo ilikuwa kutazama peke yake. Haya yafuatayo nimeyapata kwa Ummehani, ambaye alikuja na kanzu iliyolowa mpaka magotini na hakutaka hata chai kabla ya kusimulia.

Walianza na ya Zubeiri. Yeye ni fundi, tusimwonee. Yaarub alieleza kwamba ameweka herufi zinazoruka na kuzunguka, ngoma inalia nyuma, nyumba inajifungua yenyewe mlango. Yote katika Flashi, programu ya picha zinazocheza. Ila hayo aliyatengeneza Dar, kwenye laini ya Dar. Wakasubiri. Laini ikakatika. Wakaanza upya, Yaarub akaletewa kiti. Ikakatika. Mara ya tatu ukurasa ulifika ukiwa na kisanduku cheupe katikati, na maandishi kwamba mashine hii haina programu ya kuonyesha kilichomo.

Kisha wakafungua yangu. Yaarub alikuwa ameshanyanyuka aende zake. Jiko likaja kwanza likiwa na ukungu, vitu vikubwa tu, halafu likazidi kusafika lenyewe mpaka ukaona michirizi ya masizi kwenye seredani. Ummehani akampa kipanya. Kila alipokipitisha, kitu kiling'aa. Sufuria, upawa, kinu. Anasema Yaarub alisimama pale akikipitisha kipanya juu ya jiko la kaka yake muda mrefu, mpaka laini ikakatika, na picha ikabaki.

Adhuhuri akaja nyuma ya pazia. Alisema mvua ni nyingi. Nikasema naam, ni nyingi. Akasema ukurasa umefunguka. Nikasema nimesikia. Halafu akaondoka, na nilipomsikia akivaa viatu nilijua kwamba nimeshinda nusu.

Nimefurahi. Nimefurahi sana na sioni haya kuliandika.

Jumatatu, 4 Juni

Maulidi. Tanga nzima inasoma, sauti inaingia madirishani kutoka pande zote na hakuna ufunguo wa kuizuia. Bi Muzna alikaa karibu na mashine wakati mimi nakagua. Ghafla akaniuliza kama naweza kumwonyesha.

"Kipi, mama?"

"Yeye. Vile unavyomwona wewe."

Nikamfungulia namba moja, "mlango". Nikamwonyesha hapa midomo imefumba, hapa imefunguka, hapa pumzi imekwisha. Akaweka kidole kwenye kioo, akaufuata mstari polepole mpaka mwisho. Akasema alikuwa mtoto wa kusema mapema. Kisha akarudi kwenye mchele wake. Alama ya kidole ipo kwenye kioo, nami nimekataza isifutwe.

Jumapili, 10 Juni

Mvua zimepungua. Ummehani amepeleka diski ya mwisho. Kazi yote iko Uholanzi, na mwezi mzima umebaki. Nimekula vizuri leo.

Ijumaa, 22 Juni

Kimya kutoka Uholanzi. Wako kwenye mitihani, anasema Ummehani.

Alhamisi, 28 Juni

Nimeanguka.

Barua pepe imekuja, Ummehani ameichapa na kuileta mwenyewe. Imeandikwa na mwalimu wao, Bi Hendrika, ambaye tumekuwa tukiandikiana kupitia kwa Ummehani. Anaandika Kiswahili kizuri kilichonyooka kuliko cha baadhi ya jamaa zangu. Nainakili sehemu yake:

"Maneno ya mwanzo mpaka la 72 ni sawa kabisa. Kuanzia hapo mambo yamehama. Nikibonyeza upawa nasikia kawa. Nikibonyeza sufuria nasikia upawa. Imekuwa hivyo mpaka mwisho. Bibi Azza, najua kutokana na barua zako kwamba hujaweza kusikia. Namba 73 si neno la kwenye orodha. Mimi nimelisikia, lakini nadhani si langu kulisema. Utalisikia mwenyewe siku utakapoweza. Na ile sauti iliyo nyuma ya maneno ya jikoni, tafadhali usiiondoe."

Mwisho unabaki tarehe 10, anasema, kwa sababu muhula wao unaanza na kurasa hizi.

Maneno themanini na nane, yote yamevaa nguo za jirani yake. Na mimi niliyejisifu hapa kwamba nayajua kwa mwendo. Nilipofika pale jikoni nilikuwa nimechoka, nikaamini orodha, nikaacha kuamini macho. Hata neno lililobaki mwishoni bila picha nilidhani amelisoma mara mbili. Kosa langu ndilo hilo na sina wa kumsingizia.

Yaarub akapata habari. Pazia. Nikamwomba jambo moja tu, afungue duka la Nabhan, mashine za pale zina spika, Ummehani aingie asikilize kwa niaba yangu. Akasema hapana. Nikamuuliza kwa nini. Akasema hapana tena, kwa sauti iliyopanda, na sauti yake ikipanda ni ya Nabhan mtupu. Bi Muzna alinyanyuka akaenda uani.

Aliporudi alikaa mbele yangu. Akafungua pindo la kanga, akaweka ufunguo wa kabati mezani, kati yetu.

"Amri niliiweka mimi," alisema. "Naiondoa mimi. Sikiliza kazi yako, mwanangu."

Niliutazama ufunguo ule. Nilikuwa na siku kumi na mbili, na ndani ya mashine kulikuwa na kitu alichosema mume wangu ambacho mwanamke wa Uholanzi amekisikia na mimi sijakisikia. Niliutaka ufunguo. Lakini nilijijua. Nikimsikia leo, kesho nitataka kumsikia, na keshokutwa, na tarehe 10 itanikuta nimeegemea spika. Na ahadi niliitoa mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono.

Nikamrudishia. Nikamwambia atanipa siku ya kutoka eda, na siku hiyo tutasikiliza wote wawili. Akaufunga tena, mafundo mawili.

Ijumaa, 29 Juni

Naanza upya kutoka namba 58, kwa macho, bila orodha. Orodha iko chini ya godoro.

Jumapili, 1 Julai

Nimeipata. Kati ya "kifumbu", cha kukamulia tui, na "kawa", ya kufunikia chakula, kuna kitu ambacho si neno la orodha. Kipande cha mwanzo ni kifupi, minofu miwili, na nilikichukua nikakiita kawa. Baada yake kuna mkururo mrefu, na baada ya mkururo kuna mvimbo mwingine, mdogo, wa mbali, kisha mmoja mkubwa unaokatikakatika, na yote niliitupa nikidhani ni takataka. Na nikaona jambo ambalo sikuliona Aprili. Yale meno ya msumeno yanakoma hapo hapo. Baada ya 73 mstari unalala safi mpaka mwisho wa faili.

Sijui maana yake. Nimekikata chote, mwanzo hadi mwisho, nimekiweka peke yake kwenye faili isiyo na jina.

Jumatano, 4 Julai

Kawa: K inachomoka, A, kisha W inayopita bila kukatika. Inawezekanaje nikaichanganya na kitu kingine? Nimejitukana kwa sauti. Bi Muzna amesema "amina".

Jumamosi, 7 Julai

Yote mia na sitini. Kila neno nimelitazama mara tatu, mara ya tatu kutoka mwisho kwenda mwanzo ili mazoea yasinidanganye. Diski imekwenda na Ummehani saa nne asubuhi. Saa saba amerudi, anga nyeupe, laini safi, yote yamepita kwa mkupuo mmoja.

Jumatatu, 9 Julai

Hakuna barua. Nimeosha mapazia yote isipokuwa lile.

Jumanne, 10 Julai

Ummehani aliingia bila kubisha hodi, mara ya kwanza maishani mwake. Karatasi ilikuwa na mistari michache:

"Nimebonyeza vyote mia na sitini, wanafunzi wangu wawili wakiwa mashahidi. Vyote viko mahali pake. Kurasa zinaanza kutumika Septemba kwa sauti ya Bwana Nabhan wa Tanga na kwa kazi ya Bibi Azza wa Tanga, na majina yote mawili yameandikwa chini. Tunazo nyumba nyingine mbili za kufanya, ya mvuvi na ya mkulima. Utazifanya?"

Nilipiga kigelegele. Nilijiziba mdomo mwenyewe, kisha nikamtazama Bi Muzna. Akasema kigelegele si kitu cha umeme.

Ijumaa, 13 Julai

Yaarub alikuja baada ya sala. Alikaa barazani, nyuma ya pazia. Ndipo akaniambia. Siku ya maziko alikwenda dukani kufunga, akaikuta mashine inawaka, na ndani ya mashine Nabhan anasoma maneno. Alikuwa ameiacha hivyo Jumapili asubuhi, inarudia na kurudia. Sinia, birika, kikombe, kwenye chumba kitupu. Yaarub aling'oa waya ukutani, akafunga mlango, na tangu hapo hawezi kupita mtaa ule.

"Nilitaka viondoke vyote, shemeji," alisema. "Nisimsikie tena."

Miezi minne nimemwona mchoyo. Kumbe sote wawili tulikuwa tunaiogopa sauti moja, ila mimi nilipewa kazi ya kufanya nayo na yeye hakupewa. Nikamwambia Jumatano aje. Akasema hajui kama ataweza. Nikamwambia tutafungua polepole.

Jumatano, 18 Julai

Nimetoka eda.

Wanawake walikuja asubuhi, nikaogeshwa, nikavishwa kanga mpya, nikafukizwa udi mpaka nikapiga chafya, wakacheka, nikacheka nao. Nilipaka wanja mwenyewe. Pazia Bi Muzna alilishusha kwa mikono yake.

Baada ya chakula tulibaki wanne, Bi Muzna, Ummehani, mimi, na Yaarub aliyekaa karibu kabisa na mlango. Nilimwona uso wake kwa mara ya kwanza tangu Machi. Amekonda kuliko mimi.

Bi Muzna akafungua mafundo mawili. Nikatoa spika, nikafuta vumbi, nikachomeka. Nikafungua ukurasa kutoka kwenye mashine yenyewe, nikabonyeza mlango.

"Mlango," alisema Nabhan.

Nikabonyeza dirisha, kiti, mkeka. Bi Muzna alikuwa ananyoosha kidole anachotaka, nami nabonyeza, naye mwanawe anamjibu. Machozi yalikuwa yanatudondoka na tulikuwa tunatabasamu. Yaarub alisogeza kiti. Baadaye akasogeza tena.

Tulipofika jikoni nikasikia yale meno. Krr, krr, krr, nyuma ya kila neno. Nilijua kabla ya neno la pili. Ni mimi. Ni mimi nakuna nazi. Aprili nilihangaika kuyafuta yale, na ni mkono wangu mwenyewe, upande wa pili wa ukuta, napika wali wa mchana.

Ndipo nikafungua faili isiyo na jina.

"Azza," akasema Nabhan. "Hebu acha kukuna nazi kidogo, mama, nasoma hapa."

Krr, krr. Kimya. Halafu kwa mbali, kutoka jikoni, sauti kali ya mwanamke ambayo sikuitambua mara moja:

"Basi mchana utakula hayo maneno yako."

Na Nabhan akacheka. Hilo ndilo lililofuata mwishoni, mvimbo wa mwisho niliouona na nisiujue kwa kuwa sijapata kuona kicheko kwa macho. Alicheka, akakohoa, na nilipobonyeza kawa akasema "kawa" kwa sauti ya mtu anayejizuia asicheke tena.

Yaarub ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashika ukuta. Bi Muzna akafuata, Ummehani akafuata, na mimi, mwenye ulimi wangu, nikawa wa mwisho. Tulirudia mara saba. Kabla hajaondoka Yaarub aliweka ufunguo wa duka mezani, palepale ulipokuwa umewekwa ule mwingine, akasema kesho atakuja kunibebea mashine ya nyumbani mpaka dukani mjini.

Alhamisi, 19 Julai

Duka limefunguliwa saa mbili asubuhi. Yaarub alipitia mtaa ule ule.

Kazi ya kwanza niliyofanya ni kumwandikia Bi Hendrika kwamba nyumba mbili nitazifanya, na kwamba kwenye jiko kuna kitu kilichokuwa kimesahaulika. Nimechora mpaka kuizunguka mbuzi ya nazi, nikaweka chini yake ile faili nzima, nikaipeleka. Laini haikukatika. Sasa mtu yeyote, popote alipo, akiibonyeza, mimi na Nabhan tunajibizana.